Corrour hadi Rannoch kwa miguu: mkiwa kikundi, malizieni penye barabara

Mara ya kwanza tulikosea upande. Tulikuwa 8, tukashuka treni stesheni ya Rannoch tukatembea kwenda stesheni ya Corrour, kama kilomita 18 za nyika tupu ya Uskoti. Katikati ya njia mwenzetu mmoja akatokwa na lengelenge kisiginoni. Tulifika stesheni zimebaki dakika 4 treni ije, yeye tumemshika mabega huku na huku. Corrour haina barabara ya umma. Treni ikikuacha pale huna teksi ya kuita, na treni za siku ni za kuhesabu.

Kwa hiyo pandeni treni hadi Corrour, kisha mtembee kurudi Rannoch. Rannoch kuna barabara. Mambo yakiharibika, gari litawafikia. Corrour iko mita 408 juu ya usawa wa bahari na Rannoch iko chini zaidi, lakini msidhani ni mteremko mtupu. Njia hupanda kwanza ubavuni mwa mlima Carn Dearg, ikapita magofu ya jumba la Corrour Old Lodge, ndipo ishuke. Kilomita mbili na ushei za mwisho ni lami.

Siku hizi tunalala kwanza hosteli ya Loch Ossian, mwendo wa nusu saa hivi kutoka stesheni ya Corrour, tunaondoka asubuhi. Napiga hesabu ya kilomita 3 kwa saa, naongeza saa nzima ya kula na kukaza viatu, halafu narudi nyuma kutoka saa ya treni ya jioni kupata saa ya kuondoka. Anayetembea polepole mwekeni mbele. Akiwa nyuma, ninyi mnapumzika mkimsubiri, naye akifika tu mnanyanyuka.

Msikate njia za mkato. Mwenzetu alikanyaga majani ya kijani yaliyokuwa yaking'aa vizuri, mguu ukazama hadi gotini, ukatoka bila kiatu. Tulikichimbua kwa mikono kwenye tope jeusi. Hata reli yenyewe, iliyofunguliwa 1894, ilibidi ilazwe juu ya matita ya matawi na udongo isizame.

Nendeni Mei. Julai na Agosti visubi hawakupi nafasi ya kula, na Desemba mwanga wa jua hudumu kwa muda wa saa 7 hivi tu kwa siku. Simu hazishiki mtandao sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo bebeni ramani mbili za karatasi, kwa watu wawili tofauti. Kila mtu awe na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Plasta za malengelenge nabeba mimi, za watu wote.