Jiwe la matumbawe shambani: litachimbwa miaka mingapi?

SWALI: Marehemu baba ametuachia ndugu wanne shamba la ekari 10 Kisauni, na chini yake ni jiwe la matumbawe. Kuna mtu ataka kulikodi miaka 20 achimbe. Asema mawe hayo hayaishi. Tutajuaje yako kiasi gani?

JIBU: Poleni kwa kuondokewa na mzee. Nawasihi msitie sahihi kabla ardhi haijatobolewa. Ukubwa wa shamba mnaujua, ila unene wa jiwe hamuujui, na hesabu yote imelala hapo. Matumbawe yana mapango na mifuko ya mchanga: hapa jiwe zima, hatua 30 mbele shimo tupu. Mkitoboa kila baada ya mita 50, mtahitaji matundu kama 16.

Tuseme wastani wa jiwe zuri, ukishaondoa udongo wa juu, ni mita 8. Ekari 10 ni mita za mraba 40,470. Zidisha kwa 8, mwapata mita za ujazo 323,760. Uzito msikisie. Kateni mawe kadhaa ya mraba kutoka matundu tofauti, yakausheni, pimeni pande zake, kisha yapimeni mzanini. Ikitoka tani 2 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni kama tani 647,500. Toeni thuluthi kwa ajili ya mpaka wa jirani, kingo za shimo, mapango na vifusi. Zabaki kama 430,000.

Sasa muulizeni huyo bwana atatoa tani ngapi kwa mwaka. Akitoa 40,000, ni miaka 11 hivi. Akitoa 80,000, mitano na kidogo. Miaka 20 yake haimo.

Kina cha shimo nacho kina mwisho wake: maji ya chini ya ardhi. Yapimeni wakati wa masika, yanapopanda. Kuchimba chini yake ni kuvuta maji ya chumvi hadi visima vya majirani, na hilo halirudishiki upesi.

Tena, kilichomo ardhini si chote kinacholipa. Kule Kwale, mgodi wa mchanga wa titani ulipeleka shehena ya kwanza kupitia Likoni mwaka 2014, ukafunga Desemba 2024. Tuta la kaskazini lilikuwa limepimwa, madini yamo, lakini halikuchimbwa kwa kuwa gharama zilizidi faida. Kwa hiyo mkodishe kwa tani inayopita mzanini, na hesabu irudiwe kila mwaka.