Zima breka moja uone: taa za dharura na alama za kutokea katika majengo ya Lamu

Wenye nyumba za wageni, mikahawa na maduka wengi hununua taa ya dharura siku mbili kabla ya ukaguzi, wakaipachika juu ya mlango, na kitaa kidogo cha chaji kikiwaka wakaona yamekwisha. Hayajakwisha. Taa hiyo ina kazi moja: kuwaka taa za kawaida za mahali hapo zinapozimika, kwa sababu yoyote ile, na kuendelea kuwaka hadi watu watoke. Makosa mengi tunayokutana nayo yanatokana na kusahau maneno mawili, "mahali hapo".

Fundi huvuta waya kutoka soketi iliyo karibu kwa kuwa ndiyo njia fupi. Halafu siku moja saketi breka ya taa za ghorofani inaanguka. Soketi bado zina stima, taa ya dharura inaona mambo ni shwari, haiwaki, na ngazi imebaki giza totoro. Taa ya dharura ya ngazi ipate stima kutoka breka ileile inayolisha taa za ngazi, na waya wake uchukuliwe kabla ya swichi. Ukichukuliwa baada ya swichi, kila mlinzi anapozima taa usiku ile ya dharura itadhani stima imepotea, itawaka mpaka betri iishe, na kwa mchezo huo wa kila siku betri haitakaa sana.

Wengi hupima kwa kuzima meni swichi. Jaribio hilo linadanganya, maana meni ikizimwa hata taa iliyofungwa kwenye soketi itawaka. Kitufe cha kujaribia nacho kinapima betri na balbu tu, hakijui waya umetoka wapi. Zima breka za taa moja moja, na kila ukizima moja, tembea sehemu hiyo yote.

Na jenereta? Ni nzuri kwa friji na feni. Lakini moto ukiunguza nyaya za darini, jenereta haitakuwa na njia ya kupitisha stima, na hata nyaya zikiwa nzima yatapita muda kabla haijashika. Viwango vya Ulaya, ambavyo taa nyingi zinazouzwa hutengenezwa kwa kuvifuata, vinataka nusu ya mwanga upatikane ndani ya sekunde 5 na mwanga kamili ndani ya sekunde 60. Sakafuni, katikati ya njia ya kutokea, mwanga usipungue laksi 1 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Penye kizimamoto au sanduku la huduma ya kwanza, laksi 5. Palipo na watu wanaolala, nunua taa ya kuwaka saa 3 kwa betri. Ile ya saa 1 iachie duka.

Pa kuziweka ndipo nyumba za Lamu zinapodai akili zaidi. Michoro ya vitabuni ni ya maofisi yenye korido pana zilizonyooka. Huku kuna ngazi nyembamba, vipandio visivyolingana kimo, na kona kila hatua chache. Weka taa kila njia inapopinda au kukutana na nyingine, kila sakafu inapopanda au kushuka, na juu ya ngazi kwa namna ambayo kila kipandio kitapata mwanga wa moja kwa moja. Taa iwe si zaidi ya mita 2 kutoka mahali hapo, ukipima kwa mlalo, na juu ya sakafu isipungue mita 2. Usisahau mlango mkuu wa nakshi: una kizingiti cha chini kirefu, na mtu anayekimbia gizani hujikwaa hapohapo. Nje nako kunataka taa moja, kwa sababu kichochoro kitakuwa giza vilevile. Mahali pa kukusanyika pasiwe mlangoni. Pachague uwazi wa kweli, kwa mfano Mkunguni mbele ya ngome, au ufukoni.

Mlango huo huo wa nakshi una tatizo la pili: hufunguka kwa ndani. Watu wakiusukumia wote pamoja, haufunguki. Kuugeuza au kuutoboa hatushauri hata kidogo, ni mali ya mji mzima. Wageni wakiwa wengi, bawa zote mbili zifunguliwe na kutiwa ndoano ukutani, na komeo la usiku liwe la kufunguka kwa mkono bila ufunguo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikubali mlango wa kutokea ufungwe hivi kwamba aliye ndani ashindwe kuufungua, na kufuli ya mnyororo ni kosa la wazi.

Alama yenyewe iwe ya kijani na nyeupe, mtu anayekimbilia mlangoni, pamoja na mshale. Maandishi peke yake hayamsaidii mgeni asiyesoma lugha hiyo. Mshale wa kwenda juu maana yake ni nenda mbele. Kwa ngazi inayoshuka upande wa kulia, tumia mshale ulioinama chini kulia. Ukubwa una hesabu rahisi: alama yenye taa ndani husomeka kwa umbali wa mara 200 ya kimo chake, isiyo na taa ndani mara 100. Kwa hiyo katika ukumbi wa mita 18, alama ya sentimita 10 yenye taa inatosha (mita 20), lakini kibao cha sentimita 15 cha kumulikwa hakifiki. Vile vibao vinavyong'aa gizani ni rahisi, ila lazima kwanza vinywe mwanga. Katika ujia wenye kuta nene za matumbawe usioona jua mchana kutwa, havitang'aa.

Chumvi ya bahari ni adui wa kila siku. Kwenye roshani na barazani chukua taa iliyoandikwa IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na skrubu zisizoshika kutu. Fungua kifuniko mara kwa mara uangalie kama ncha za waya zimeota ukungu wa kijani. Ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki skrubu fupi, hivyo funga kibao kwenye boriti kwanza, kisha taa juu yake.

Betri nyingi ni za nikeli-kadimi, seli tatu za volti 1.2, na hutengenezwa zidumu takriban miaka 4. Chini ya mabati yenye joto hazifiki huko. Taa mpya ichajiwe saa 24 kabla ya kuijaribu. Kila mwezi ijaribu kwa muda mfupi. Mara moja kwa mwaka iache iwake saa zake zote, 3 au 1, nusu ya taa leo na nusu wiki ijayo, kwani baada ya jaribio betri zimekauka na jengo halina kinga mpaka zijae tena. Andika daftarini tarehe, namba ya taa, dakika iliyozimikia, na jina la aliyeijaribu.

Ukifunga nyumba miezi ya mvua, Aprili hadi Juni, na kuzima meni, taa zote zitawaka hadi zife, na betri itakaa tupu wiki nyingi hadi iharibike. Kabla ya kuondoka, chomoa plagi ndogo ya betri ndani ya kila taa. Irudishe siku moja kamili kabla mgeni wa kwanza hajashuka jetini.