Kuku wa miguu mifupi: mayai yanapoharibika na vifaranga warefu wanapojitokeza

Swali: Ninafuga Nansio, Ukerewe. Nina jogoo mmoja na mitetea wawili wa kienyeji wenye miguu mifupi sana, mbegu ambayo hapa kwetu imeanza kuadimika. Katika mayai 24 yaliyoatamiwa nimepata vifaranga 17. Kati yao 11 wana miguu mifupi na 6 wana miguu ya kawaida. Je, mbegu imechanganyika? Niwachinje hao warefu?

Jibu: Ndugu mfugaji, tafadhali usichinje hata mmoja. Ufupi wa namna hii huletwa na jeni (chembe ya urithi) moja ambayo kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja tu huwa na miguu mifupi, lakini akiirithi kwa wazazi wote wawili hufa ndani ya yai, mara nyingi siku ya tatu au ya nne ya kuatamiwa. Kwa hiyo mfupi akipandwa na mfupi mwenzake, katika kila mayai manne yaliyorutubishwa tutarajie moja liharibike, mawili yatoe wafupi na moja litoe wa kawaida. Mayai yako 24 yangegawanyika 6, 12 na 6. Wewe umepata 7, 11 na 6, hesabu inayokaribiana mno na hiyo.

Uhakikishe mwenyewe kwa kupima mayai usiku wa siku ya saba. Zima taa, kisha weka upande butu wa yai juu ya tochi. Kiinitete kilicho hai huonekana kama doa jeusi linalochezacheza, lenye mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi. Kilichokufa mapema huacha duara jekundu la damu. Yai ambalo halikurutubishwa hubaki angavu tupu, na hapo wa kuchunguzwa ni jogoo.

Upo udumavu mwingine, unaorithiwa kwa kufuata jinsia, lakini huo, wadogo wakipandana, watoto wote huwa wadogo, kwa hiyo sio wa kwako.

Sasa hao sita. Hawana jeni ya ufupi, lakini wamebeba urithi mwingine wote wa ukoo huo: rangi, ustahimilivu, silika ya kuatamia. Mitetea watakaopatikana kati yao ndio wenzi wanaofaa kwa jogoo mfupi, kwa kuwa nusu ya watoto watakuwa wafupi na jeni hiyo haitaua yai hata moja. Jogoo huyo asiwe baba yao. Badilishaneni na mfugaji mwingine, hata ikibidi kuvuka hadi Sengerema.

Mfunge kila kifaranga uzi wa rangi yake mguuni, uulegeze anavyokua, na wakifikisha wiki 12 upime kwa rula kutoka kwenye kifundo hadi vidole vinapoanzia, uandike daftarini pamoja na jinsia na wazazi. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mlipuko mmoja unaweza kufuta banda lenye wazazi watatu tu.