Muulize Fundi: Kitasa cha namba mlango wa mbele

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Chumbageni, Tanga, na wanangu watatu na dada wa kazi. Funguo hazikai, zinapotea kila mara, na dada aliyetangulia aliondoka na wake. Nimeshauriwa niweke kitasa cha kubonyeza namba. Umeme ukikatika si tutalala nje? Na mwizi hawezi kubahatisha namba?
Mama Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na huyo dada aliyeondoka na ufunguo, maana hapo ndipo kitasa cha namba kinapokizidi cha kawaida. Cha ufunguo ungelazimika kubadilisha silinda, ile sehemu ufunguo unapoingia. Cha namba unafuta namba yake jioni hiyohiyo, basi. Kwa hiyo usiwape wote namba moja. Vingi vinapokea namba kadhaa: watoto wawe na yao, dada wa kazi awe na yake, wewe yako. Namba kuu ya kiwandani, mara nyingi 123456, ibadilishe fundi akishatoka. Mimi mwenyewe nikimaliza kazi humwambia mwenye nyumba: natoka nje, badilisha sasa.

Kubahatisha si rahisi. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, sita zina 1,000,000, na kitasa kizuri hugoma kwa muda mtu akikosea mara kadhaa. Ninachokiogopa ni vidole. Namba ileile ikibonyezwa miaka, vitufe vinne hufifia na vingine hubaki vipya. Mwizi akivitazama tu ameshajua tarakimu, kilichobaki ni kuzipanga, na njia za kuzipanga ni 24 tu! Kwa hiyo badilisha namba mara kwa mara, ufute vitufe kwa kitambaa, na uwafundishe watoto kukinga kwa kiganja wanapobonyeza. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto usiuguse, mtaa mzima wanaujua.

Kuhusu umeme, ondoa shaka. Vitasa vya nyumbani hutumia betri, aghalabu nne za AA, zile za saa ya ukutani. TANESCO wakikata, mlango wako hauna habari. Usikubali kuuziwa kile cha sumaku cha volti 12 kinachofungwa maofisini: umeme ukienda, na betri ya akiba haipo, kinaachia mlango wenyewe. Nunua betri za alkali, si za kuchaji, kwa sababu za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5 na kitasa kitaanza kulialia mapema. Zikiisha kabisa, vingi vina pini mbili upande wa nje: gusisha betri ya volti 9, kisha bonyeza namba yako. Ufunguo wa dharura mpe jirani unayemwamini. Wengi nawakuta wameufungia kabatini, humohumo ndani!

Huko kwenu kuna upepo wa chumvi, hivyo dai chenye alama ya IP65, yaani vumbi na maji ya kurushiwa havipenyi ndani, na kikae chini ya paa la baraza.

Sasa mlango wenyewe. Kama ni wa plaiwudi wenye uwazi ndani, teke moja linatosha, na kitasa cha bei mbaya hakitakusaidia. Tengeneza kwanza mlango wa mninga na fremu imara, na grili usiing'oe. Ila kabla hujamlipa fundi, simama ndani uhakikishe mlango unafunguka kwa kushusha mkono wa kitasa tu, bila namba wala ufunguo, na mtoto wako mdogo aweze kuufungua gizani. Moto ukizuka usiku hatakumbuka tarakimu. Ufunguo wa kufuli la grili nao utundike ukutani anapoufikia yeye, mbali na mkono wa mtu aliye nje.