Jibu: Ua wa wapangaji, zege lote au tuache kijani?

Mkuu, umeuliza kama ua wa mita 8 kwa 10 kati ya vyumba sita vya kupangisha pale Tabata, Dar es Salaam, umwagwe zege lote kuepuka tope. Nakusihi usifanye hivyo. Mchana utawaka joto, na masika maji yataingia vyumbani au kwa jirani.

Kwanza pima udongo: chimba shimo la sentimita 30, jaza maji mara mbili. Yakibaki hadi kesho yake, ni mfinyanzi. Shimo la kunyonya maji halitasaidia, maji ya mvua yapeleke mtaroni. Kama ni mchanga, laza kokoto sentimita 10, mchanga sentimita 3, kisha pevingi (matofali ya zege ya kutandika chini), na viungo vijazwe kokoto ndogo, siyo saruji. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda kwenye bustani, yaani sehemu ya kijani utakayoiacha bila pevingi. Bustani iwe chini ya pevingi! Mafundi wengi huinua kingo, maji yanapita pembeni na mti unakauka huku ua umefurika.

Kivuli: mstafeli au mpera, mita 3 kutoka msingi, mbali zaidi na karo la choo. Mti wa mkungu na mkuyu usiiweke hapo, mizizi hupasua. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu mafungu mawili kwa samadi iliyooza fungu moja. Panda Machi.

Maji ya bati usiyapoteze: mvua ya milimita 20 kwenye mita za mraba 100 ni kama lita 2,000. Tangi lifunikwe kwa wavu. Mbu wa dengi huzaliana humo.

Kamba za kuanikia zikae penye jua, na mkubaliane mapema nani anamwagilia kiangazi.