Keki ziliisha, pesa hazikuonekana: kwa mnaoanza kuchangisha chuoni

Mara ya kwanza chama chetu cha Kiswahili kuuza keki chuoni, trei zote zilikuwa tupu kabla ya saa saba mchana. Tulipiga picha, tukakumbatiana, na mwenyekiti akatangaza kwenye grupu kwamba safari ya Mombasa imeiva. Jioni mweka hazina aliketi kwenye ngazi za hosteli na risiti zake mapajani, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema tumepata hasara. Hakuna aliyemwamini. Tukazihesabu upya watu wanne kwa mwanga wa simu. Alikuwa amesema kweli.

Nawaandikia ninyi mliochaguliwa muhula huu kwa sababu ya jioni ile. Naomba mjue bei ya keki moja kabla ya kuwasha jiko.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Kilo tatu za unga zilitupa keki ndogo 180, zile za vikombe vya karatasi. Unga shilingi 285, sukari 360, majarini 990, mayai trei moja na nusu 675, maziwa 180, bekingi pauda na vanila 165. Jumla 2,655. Ukigawa kwa 180 unapata karibu shilingi 15, nasi tukaona tukiuza kwa 20 tutabaki na tano kwa kila keki. Vikombe vya karatasi vya 360 tulivisahau, kwa sababu vilinunuliwa siku nyingine na mtu mwingine. Makaa ya 300 tuliyaona kama mali ya mwenye nyumba. Nauli ya watu watatu kutoka Roysambu hadi mjini Nairobi na kurudi, 450, kila mmoja alijilipia kisha akaidai jioni. Jumla ya kweli ikawa 3,765. Halafu keki 18 hazikufika kwa mnunuzi: nyingine zilivunjika njiani, nyingine tulizila wenyewe tukijiambia tunaonja. Tuliuza 162, tukapata 3,240. Hasara 525, na watu tisa hawakulala usiku kucha.

Kwa hiyo gawanya gharama yote kwa idadi ya keki unazotarajia kuuza, wala si kwa zile ulizopika. Kwetu ilikuwa shilingi 23 na ushee kwa kila moja. Muhula uliofuata tuliuza kwa 40, na hakuna aliyelalamika. Wanafunzi hununua keki ya 40 wakijua pesa zinakwenda wapi, basi andikeni kwa herufi kubwa mbele ya meza: nauli ya wanachama 14 kwenda Mombasa. Bango letu la kwanza lilisema tu "Saidia chama chetu". Watu walilipita bila hata kupunguza mwendo.

Kuhusu mapishi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wageni wengi huvunjika moyo. Shangazi wa mmoja wetu alitutumia kipimo chake kutoka pwani, kipimo ambacho kimemlisha mtaa mzima kwa miaka. Tulikifuata neno kwa neno. Keki ziliumuka vizuri ajabu, tukashangilia mbele ya jiko, kisha zikazama katikati kama sahani. Shangazi hakukosea. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa haikandamizi kwa nguvu kama Mombasa. Gesi inayotolewa na bekingi pauda hupanuka haraka, keki inapanda kabla ndani hakujashikana, kisha inakosa cha kuishikilia. Maji nayo huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo unyevu hupotea upesi. Tulipunguza bekingi pauda kwa robo, tukapunguza sukari kidogo, tukaongeza vijiko viwili vya maziwa kwa kila kilo ya unga. Zikasimama. Pikeni trei moja ya majaribio wiki moja kabla, katika jiko lile lile mtakalotumia siku yenyewe.

Oveni ya stima ni nzuri mpaka stima ipotee. Sisi ilipotea saa tano usiku, trei ya pili ikiwa ndani. Tulimalizia kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko, kama akina mama wengi wanavyooka nyumbani. Sufuria hiyo na trei za bati mtazipata kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na wanakukatia kwa kipimo chako. Msipike hosteli. Msimamizi akikuta jiko chumbani, chama kizima kitaitwa ofisini.

Acheni keki zipoe kabisa kabla ya kufunika, la sivyo mvuke utazilowesha na asubuhi zitanata kwenye karatasi. Za kubebea nunueni mifuko ya khaki, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017. Kama kuna njugu ndani, andikeni wazi.

Sasa jambo linaloniuma hadi leo. Langoni palikuwa na mama wa chai, na sisi tulipanga kuuza mandazi pia. Alituita kando akasema, "Wanangu, mkiuza mandazi hapa, mimi niuze nini?" Yule mama aliwahi kuwakopesha chai nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale. Tuliacha mandazi siku hiyo hiyo, tukaweka meza yetu karibu naye, na wateja wakawa wananunua chai kwake na keki kwetu. Zungumzeni kwanza na wanaouza chakula hapo chuoni. Barua ya ofisi ya wanafunzi mtaihitaji pia, na iombeni mapema, lakini mazungumzo haya yana uzito kuliko mhuri.

Pesa zisiingie kwenye laini ya simu ya mtu binafsi. Mweka hazina wetu wa mwaka wa pili alikuwa na deni la mkopo wa simu, na malipo ya asubuhi nzima yalikatwa moja kwa moja kulipia deni lile. Hakuiba, lakini alilia mbele yetu, na urafiki fulani haukurudi. Chukueni namba ya till, ile ya kupokea malipo ya wateja kwa simu, kwa jina la chama, na anayehakikisha malipo asome ujumbe kwenye simu ya chama, kamwe asisome kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe wa jana unafanana sana na wa leo.

Siku nzuri ni wiki ambayo HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, imeingia, na saa nzuri ni saa nne, darasa la kwanza likitoka. Wiki ya mitihani watu hupita wakisoma. Na tangu mwaka wa tatu tunachukua oda na malipo siku tano kabla, tunanunua unga kwa pesa za oda, na tunaongeza trei moja tu ya kuuza mezani.