Kidole tumbo: kupasuliwa wazi au kwa matundu?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, alishikwa na tumbo upande wa kulia chini. Hospitali ya kwanza walisema ni kidole tumbo na wako tayari kumpasua. Sisi tukataka njia ya matundu asibaki na kovu, tukazunguka naye kwenye foleni kutoka Mbagala hadi mjini, saa kumi jioni mpaka saa nne usiku. Alipopasuliwa kilikuwa kimeshapasuka. Ametoka juzi, anaendelea vizuri, ila mama anatulaumu. Hivi hiyo njia ni bora kiasi hicho?

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Mwambie mama kwamba huenda kilikuwa kimeshaanza kuoza kabla hamjatoka Mbagala. Lakini sitawaficha: mgonjwa akishaambiwa apasuliwe leo, na daktari wa upasuaji yupo, kovu si sababu ya kumhamisha.

Kwa njia ya wazi tunachana sentimita chache chini kulia, tunatanua misuli, tunakivuta kidole tumbo nje, tunakifunga shinani kwa uzi na kukikata. Daktari wa upasuaji wa Marekani, McBurney, aliieleza njia hii mwaka 1894, na bado inaokoa watu kila siku. Kwa matundu, tunajaza tumbo hewa ya kaboni daioksaidi, tunaingiza kamera kitovuni na vifaa kwenye matundu mengine mawili ya kama milimita 5. Kwenye skrini unakiona chenyewe: kimevimba, chekundu, kina utando wa usaha wa njano.

Kidonda cha matundu huuma kidogo na hakishiki usaha kirahisi, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Ila kwa binti wa umri wake faida kubwa naiona kwingine. Ovari iliyojisokota, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, huweza kuuma palepale. Kamera inazunguka nyonga nzima ikaona. Mchano mdogo wa pembeni hauonyeshi hayo kirahisi. Hiyo ndiyo hoja ningeisikiliza kuliko kovu.

Matundu nayo yana yake. Lazima nusu kaputi, wakati njia ya wazi inawezekana hata kwa ganzi ya mgongoni. Hewa ile huacha maumivu ya bega siku moja mbili. Na tukikuta utumbo umeshikana, tunafungua tumbo kama kawaida. Huko si kushindwa, ni kumlinda mgonjwa.

Sasa mwangalieni mdogo wenu. Kidole tumbo kilichopasuka huweza kuacha jipu ndani ya tumbo, kwa njia yoyote ile aliyopasuliwa, na mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Akipata homa tena, akiharisha, tumbo likijaa au akikataa chakula, mrudisheni siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki haijafika na kidonda cha nje kimekauka vizuri.